Maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu Robin Hood's Bay, kijiji cha pwani Yorkshire

Mimi ni mtu wa Tanga nakaa Leeds, na kila kiangazi kikikaribia simu inajaa mesej za ndugu, marafiki na marafiki wa marafiki, wote wanataka kwenda kule kijijini ninapopenda kupeleka wageni. Maswali ni yale yale kila mwaka kwa hiyo nimeyaandika yote hapa, na nimejibu kwa urefu pale panapohitaji urefu.

Kijiji chenyewe kiko wapi?

Kaskazini mashariki ya Uingereza, Yorkshire, upande wa North Sea. Mji mdogo wa Whitby uko kama kilomita 9 kaskazini yake na Scarborough uko kama kilomita 24 kusini. Wenyeji hawasemi jina zima, wanasema Bay tu au Baytown. Kiko ndani ya hifadhi ya taifa ya North York Moors iliyoanzishwa 1952, kwa hiyo ukipanda juu nyuma ya kijiji unakuta mashamba na nyika tupu, na mwezi wa nane nyika yote inageuka zambarau kwa maua, ukiipata wiki hiyo utashukuru.

Kwani Robin Hood, yule mwizi wa hadithi za kale za Kiingereza, aliishi hapo?

Hamna ushahidi wowote. Jina ni la zamani, kwenye miaka ya 1530 wakati wa mfalme Henry VIII msafiri mmoja anaitwa John Leland alipita akaandika kwamba ni kijiji cha wavuvi chenye mashua 20, na tayari kilikuwa kinaitwa hivyo. Nani alikiita na kwa nini, wenyeji wana hadithi nyingi na kila mmoja anaapa ya kwake ndio kweli.

Nahitaji viza?

Ukiwa na pasi ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo, ndio, unaomba ile inaitwa Standard Visitor ambayo kwa kawaida inakupa hadi miezi 6, unajaza kwenye mtandao wa serikali halafu unaenda kupigwa picha na alama za vidole. Ndugu zetu wa Oman na nchi nyingine za Ghuba wenye pasi za huko tangu Februari 2024 hawahitaji viza, wanaomba ETA tu (kibali cha kusafiri) kwenye apu ya simu, na mwenye pasi ya Marekani, Kanada au nchi za Umoja wa Ulaya naye ni ETA tangu 2025. Ada zinapandishwa mara kwa mara kwa hiyo angalia gov.uk yenyewe, usilipe wakala wa mtandaoni anayekuongezea pesa juu kwa kitu unachoweza kujaza mwenyewe robo saa.

Nafikaje bila gari?

Treni haifiki Bay. Ilikuwepo, ilifunguliwa 1885 na kufungwa 1965, sasa njia yake ni ya baiskeli na miguu. Toka London panda treni King's Cross hadi York, kama saa mbili, hapo badili treni ya Scarborough ambayo haifiki saa nzima, halafu basi namba X93 linalokwenda Whitby, linasimama juu ya kijiji. Kuna pia basi la Coastliner namba 840 kutoka Leeds na York mpaka Whitby linalokatiza nyikani, hilo mimi nalipenda kuliko treni, kaa ghorofa ya juu siti ya mbele kabisa, likishatoka Pickering utaona bonde moja kubwa la duara linaitwa Hole of Horcum, bakuli tupu la kijani limechimbika ardhini pembeni mwa barabara.

Nauli za mabasi Uingereza tangu Januari 2025 ziliwekewa kikomo cha pauni 3 kwa safari, ila uliza kabla maana sera hizi zinabadilika.

Na mwenye gari?

Usiteremke na gari kijijini. Narudia, usiteremke. Barabara ya kushukia ni mkato mwembamba na mkali, chini hamna paking ya wageni wala pa kugeuzia. Acha gari kwenye paking za juu, moja iko pale ilipokuwa stesheni ya treni. Wikiendi ya kiangazi zinajaa mapema, ukifika saa nne asubuhi unaweza ukapata, ukifika saa sita utazunguka mpaka uchoke. Beba na sarafu.

Huo mteremko mama yangu ataweza?

Hili ndilo swali naulizwa kuliko yote kwa hiyo nitalijibu vizuri.

Kushuka ni dakika kama tano, kupanda kwa mtu mzima ni robo saa au zaidi na mapumziko. Shangazi yangu nilimleta akiwa na miaka 68, magoti yanamsumbua, na alishuka na kupanda, lakini tulikwenda kwa mpango. Kwanza viatu, sio ndala wala vile viatu laini vya harusi, mawe yale yakilowa yanateleza kama sabuni. Pili kuna reli ya kushika pembeni na kuna benchi, tulikaa kila benchi tuliyoikuta. Tatu tulishuka mara moja tu, chakula, swala, choo, kila kitu tulimaliza chini ndio tukapanda, manake kosa la watu ni kusahau kitu garini halafu mzee anapandishwa mlima mara mbili kwa ajili ya koti.

Mwenye kiti cha magurudumu kusema kweli ni vigumu sana. Pale juu kabisa kuna sehemu bahari yote unaiona na ni tambarare, wengine wanakaa hapo na chai yao na wanafurahi.

Chini kuna nini hasa?

Nyumba za mawe zimebanana zina mapaa ya vigae vyekundu, na kati yake vichochoro vyembamba hivi kwamba mkikutana mmoja anajibana ukutani mwenzie apite. Mtu aliyekulia Mji Mkongwe au Lamu miguu yake itajua yenyewe pa kwenda. Shangazi alisimama kwenye kichochoro kimoja akagusa kuta zote mbili kwa mikono yake akasema, "Mwanangu, hawa na sisi tulijenga kwa akili moja." Wenyeji watakuonyesha vidirisha vidogo kwenye kona za ngazi, wanasema viliwekwa kupitishia jeneza maana ngazi za ndani ni nyembamba mno. Kijito kinapita chini kwa chini ya nyumba mpaka kinatokea baharini.

Mwisho wa barabara ni diko, pale mashua zinaposhushwa, na wenyewe nao wanapaita Dock. Utaona madema ya kaa na kamba yamepangwa, ni ya nyavu na fremu sio ya ukindu kama yetu, ila kazi ni ile ile.

Maji yanajaa na kupwa saa ngapi, na kwani ni muhimu kiasi gani?

Jamani, hili ndilo jambo lenyewe. Pale siku yako inapangwa na maji. Watu wa bara mnaweza mkaona natia chumvi lakini watu wa pwani mtanielewa, maji yakijaa ufuo wote unapotea, mawimbi yanapiga mpaka kwenye diko, na yakipwa unapata eneo kubwa la miamba bapa iliyopinda kama mistari ya vidole, inaenda mbali baharini na mabwawa madogo yenye kaa na konokono katikati. Ni sehemu mbili tofauti kabisa ndani ya masaa sita. Tofauti ya kujaa na kupwa wakati wa bamvua inafika mita nne na ushee, karibu sawa na Unguja, kwa hiyo usidharau.

Maji yanajaa mara mbili na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku yanachelewa kama dakika 50. Andika kwenye gugo "tide times Robin Hood's Bay" usiku kabla ya kulala, tafuta saa ya kupwa, halafu panga kila kitu kuizunguka saa hiyo. Ingia ufuoni maji yakiwa bado yanatoka, na yakianza tu kurudi na wewe anza kurudi. Hatari sio kuzama katikati ya bahari, hatari ni kwamba bahari inaanza kujaa kule kwenye ncha za ghuba na chini ya majabali wakati wewe uliko bado pakavu, ukija kushtuka njia ya kurudi imeshafungwa, nyuma yako jabali la udongo linalomomonyoka huwezi kulipanda.

Sisi ilitukaribia mara ya pili kwenda. Watoto wameinama wanatafuta mawe, mimi nimeinama nao, jua linawaka, hatuna habari. Mama mmoja mzungu anatembeza mbwa wake akatuita kwa mkono, akanionyesha ule mstari wa maji pale kwenye kona. Tulipopita pale mdogo wangu wa mwisho maji yalimfika magotini, na dakika kumi nyuma yake hapakuwa na pa kupita tena. Tangu siku ile naweka alamu mbili kwenye simu, na wageni wangu wote wanaweka, hata wakikasirika.

Mkikwama usijaribu kupanda jabali wala kuogelea, piga 999 au 112 uombe Coastguard, yaani waokoaji wa pwani. Na chini pale mtandao wa simu unasumbua, hiyo ni sababu nyingine ya kurudi mapema.

Hayo mawe yenye konokono yanapatikana wapi, naruhusiwa kuchukua?

Ni amonaiti, viumbe vya baharini vya enzi ya Jurasiki, miaka karibu milioni 190 iliyopita, vimegeuka mawe. Utapata pia belemnaiti, vimekaa kama risasi za bunduki. Watafute kwenye kokoto maji yakipwa, hasa baada ya dhoruba. Chukua kimoja viwili vilivyolala chini vyenyewe, usigonge jabali kwa nyundo, na usikae chini ya jabali kabisa maana mawe yanaanguka bila taarifa.

Cha mwanangu wa kike kilikuwa kidogo kuliko sarafu, alikiosha kwenye bwawa la maji ya chumvi na ile mistari ya kujizungusha ikajitokeza mmoja mmoja, ina kung'aa kidogo kama shaba, akakaa nacho mkononi njia nzima mpaka Leeds. Wazee wa Whitby walisimulia kwamba hawa walikuwa nyoka, mtakatifu Hilda akawageuza mawe, na mpaka leo nembo ya Whitby ina amonaiti watatu.

Samaki na chipsi ni halali?

Uliza kabla hujanunua. Samaki wenyewe hawana shida, ni hadoki, Yorkshire wanapenda hadoki kuliko samaki yule mwingine anayeitwa cod. Shida ni mafuta. Yorkshire desturi yao ni kukaangia mafuta ya ng'ombe, yanaitwa beef dripping, na ng'ombe huyo hakuchinjwa kwa taratibu zetu. Watu wengi wanakula samaki wakidhani wako salama na hawajui. Uliza tu "what oil do you fry in", hawakasiriki, wamezoea kuulizwa na watu wasiokula nyama pia. Baadhi ya maduka Whitby yanatumia mafuta ya mimea, mengine hayatumii.

Kijijini Bay usitegemee nyama halali. Sisi tunabeba pilau kwenye hotpoti na kachumbari kando, tunakula kwenye benchi tukiangalia bahari. Lakini onja sandwichi ya kaa, na skoni na chai, chai yao haina tangawizi wala hiliki lakini kwenye baridi ile inaingia vizuri. Whitby kwenye mtaa wa Henrietta Street kuna familia ya Fortune wanafukiza heringi kwa moshi wa kuni tangu 1872, samaki hao wanaitwa kipa (kippers), ukikaribia mlango unasikia harufu ile ile ya ng'onda wakifukizwa. Mimi huwa nanunua jozi tatu nne, napika na nazi, na mume wangu anajua siku hiyo asichelewe kazini.

Chunga shakwe. Wakubwa, wanachukua chipsi mkononi mwa mtoto.

Tutaswali wapi?

Msikiti kijijini hamna, ipo York na Middlesbrough. Beba mkeka, ufuoni maji yakipwa kuna nafasi ya kutosha. Kibla ni kusini mashariki, ukisimama dikoni ukatazama bahari geuka kidogo kulia. Mwezi wa sita Magharibi inaingia kama saa tatu na dakika arobaini usiku na Alfajiri inakuja mapema mno, kwa hiyo jipangie usingizi. Desemba ni kinyume, jua linatua kabla ya saa kumi jioni.

Mbwa ni wengi, hawafungwi wote, anayeogopa au anayetunza udhu ajue hilo mapema.

Baridi ikoje? Naweza kuogelea?

Julai na Agosti mchana ni kama nyuzi 17 hadi 19, ukiwa na bahati zaidi. Bahari hata Agosti ni nyuzi 14 au 15, wenyeji wanaingia, watoto wetu wanaingia mpaka magotini wanapiga kelele wanatoka. Kuna ukungu unatoka baharini ghafla wanauita fret, asubuhi jua kali, saa nane huoni mbele. Koti beba, hata kama apu inasema jua.

Hizo hadithi za magendo ni kweli?

Ndio, karne ya 18 kijiji hiki kilikuwa maarufu sana kwa magendo ya chai, pombe, tumbaku na hariri, kukwepa ushuru wa mfalme. Nyumba zimeshikana na zina njia za siri, wanasema robota la hariri liliweza kutoka dikoni mpaka juu bila kuona jua.

Ila mimi hadithi inayonishika ni nyingine. Januari 1881, dhoruba na theluji, jahazi linaitwa Visiter linazama ghubani, watu sita wako kwenye kimashua wanakufa kwa baridi. Boti ya uokozi ya Whitby haikuweza kuja kwa bahari, basi wakaivuta nchi kavu, karibu kilomita 10 kwenye theluji inayompita mtu kimo, farasi 18 na watu kama 200, wa Whitby wanachimba njia huku na wa Bay wanachimba kuja kuwapokea, halafu wakaiteremsha kwa kamba kwenye ule mteremko. Simama pale juu uuangalie ule mteremko ukiwa unajua hivyo. Mara ya kwanza bahari ilivunja makasia, wakarudi, wakaingia tena, na wote sita waliokolewa.

Ule ukuta mkubwa wa zege ni wa nini?

Bahari inakula kijiji. 1780 barabara ya zamani na nyumba zaidi ya 20 ziliporomoka. Ukuta ulijengwa 1975, urefu wake kwenda juu ni kama mita 12.

Kwa nini watu wenye mabegi wanaingia majini na viatu vyao?

Wametoka St Bees, pwani ya upande wa pili wa Uingereza, kwa miguu, kilomita kama 300. Njia ilibuniwa na Alfred Wainwright 1973. Wanaanza kwa kulowesha viatu bahari ile na kuokota kokoto, wanamaliza hapa kwa kulowesha tena na kuitupa kokoto. Ukiwakuta wapigie makofi, wengine wanalia.

Jirani kuna nini cha kuona?

Whitby usiikose, ipe siku nzima. Panda ngazi 199 mpaka kwenye magofu ya abasia, nyumba ya watawa ya zamani. Abasia ya kwanza ilianzishwa 657 na huyo Hilda, na 664 palifanyika mkutano mkubwa wa kanisa wa kuamua tarehe ya Pasaka, Henry VIII akaja kuifunga 1539. Kapteni James Cook alijifunzia ubaharia hapa kuanzia 1746, nyumba ya tajiri wake sasa ni makumbusho. Wanaouza vito, yale mawe meusi ni jeti, mti wa kale uliogeuka jiwe, ulivuma sana malkia Victoria alipofiwa na mumewe 1861 akavaa nyeusi.

Ravenscar, lile jabali unaloliona upande wa kulia wa ghuba, mimi nalipenda zaidi maana watu ni wachache. Chini yake wanalala sili (seals), wanyama wa baharini, kwenye miamba, kaa mbali nao hasa Novemba na Desemba wakiwa na watoto. Pembeni kuna magofu ya kiwanda cha shabu, ndio, shabu ile ile ya vinyozi wetu, ilitumika kukazia rangi kwenye nguo. Walifanya kazi hapo kuanzia 1650 hadi 1862, walichoma mwamba kwa miezi, na mkojo wa binadamu uliletwa kwa meli kwa ajili ya kazi hiyo. Juu kuna mitaa iliyochorwa ya mji ambao haukujengwa, kampuni ilifilisika 1913.

Boggle Hole ni kilomita moja tu, kijighuba chenye hosteli ndani ya kinu cha zamani, boggle ni kijizimwi wanachosema kiliishi pangoni hapo. Kwa ufuoni nenda maji yakipwa tu, vinginevyo pita njia ya juu. Wenye baiskeli, ile njia ya reli ya zamani inaitwa Cinder Track, kilomita 34 Scarborough mpaka Whitby. Staithes, kijiji kingine cha pwani, nako kuzuri, ukiwa na siku ya ziada.

Navaa hijabu, sisi ni weusi, tutakuwa sawa?

Mara nyingi mtakuwa weusi peke yenu, hilo nakwambia wazi. Kuangaliwa mtaangaliwa kidogo. Mimi miaka yote hii nimekutana na salamu, watu wazee hasa, wanaanza wao "now then", ndio habari yako ya Yorkshire, jibu hivyo hivyo. Bibi mmoja alimshika shangazi mkono kwenye mteremko akapanda naye mpaka benchi la tatu, hawakuelewana hata neno moja na waliongea njia nzima.

Siku ngapi zinatosha, na tulale wapi?

Mbili au tatu. Familia chukueni nyumba yenye jiko, ila kiangazi nyingi zinakodishwa kwa wiki nzima na zinajaa miezi kabla. Soma vizuri maelezo ya ngazi na umbali toka paking, mimi niliwahi kubuku nyumba nzuri kumbe masanduku yanabebwa ngazi zaidi ya sitini, na mwenye nyumba hakuandika. Sasa naandika mesej kwanza nauliza, ngazi ni ngapi, na choo kiko ghorofa gani.

Tunakuja kwa siku moja tu kutoka Leeds, tufanyeje?

Tazama saa ya kupwa. Ikiwa ni asubuhi, anzeni Bay, shukeni ufuoni, kuleni, pandeni taratibu, mchukue X93 mwende Whitby jioni. Ikiwa ni alasiri, anzeni Whitby. Na basi la mwisho la kurudi lipigeni picha kwenye kibao cha kituoni mara tu mnaposhuka, ratiba ya msimu wa baridi sio ile ya kiangazi.